Pedeli za Upande wa Mwalimu

Walimwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko jina la mke wake. Taratibu na usukani. Taratibu na gia. Taratibu, mtoto wa mwenzio anavuka. Alilisema kwa sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi, na wanafunzi wake wanasema ukiisikiliza kwa nusu saa, mabega yanashuka yenyewe na viganja vinaacha kutoka jasho. Wengine walikiri kwamba walikaribia kusinzia huku wameshika usukani. Yeye hakuona ubaya wowote katika hilo.

Gari lake lilikuwa kuukuu, la rangi iliyokuwa buluu zamani na sasa ilikuwa mahali fulani kati ya buluu na moshi. Lilikuwa na taa za mviringo, usukani mwembamba mpana kama sinia, na viti vya ngozi vilivyopasuka vikashonwa na mke wake kwa uzi wa rangi aliyokuwa nayo siku hiyo. Lakini kilicholitenga na magari mengine kilikuwa chini, miguuni. Upande wa abiria nao ulikuwa na pedeli mbili, klachi na breki, zilizounganishwa na zile za dereva kwa fimbo za chuma zilizopita chini ya zulia. Mwalimu akikanyaga za kwake, za dereva zinazama pamoja nazo. Dereva akikanyaga za kwake, za mwalimu zinatulia tuli. Ndivyo linavyoundwa gari la kufundishia, na ndipo alipokaa mzee yule tangu akiwa kijana mwenye nywele, viatu vyake juu ya vyuma viwili, macho barabarani.

Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alimwambia kila mtu, anayetaka kusikia na asiyetaka. Gari lile halikuwahi kugusa mtu, mbuzi wala ukuta. "Wote walionipitia mikononi," alikuwa akisema, "hakuna hata mmoja aliyekwaruza rangi." Ukimsikia ungedhani ni mkunga anayezungumzia watoto aliowapokea. Na nani angembishia? Rangi ile ilikuwa imefifia, lakini mkwaruzo haukuwepo.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Hayakuuma wala kuwasha. Ukungu tu uliingia kutoka pembeni, ukajisogeza kidogo kidogo, mpaka akawa anautazama ulimwengu kama anayechungulia kwenye karatasi iliyokunjwa. Daktari akamwambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone italinda kilichobaki lakini kilichokwenda ndiyo kimekwenda, na habari ya kuendesha au kufundisha aisahau.

Ajabu ni kwamba hakuuchukia ukungu ule kama watu walivyodhani. Mchana, jua likishapoa, alitoka ndani akaingia kwenye gari lililoegeshwa mbele ya nyumba, akakaa upande wake uleule wa abiria, akafunga mlango, akasafiri. Wapita njia walikuwa vivuli laini visivyo na nyuso. Baiskeli ilitokea hewani na kurudi hewani. Nguo zilizoanikwa ng'ambo ya barabara ziligeuka milima, zikageuka mawingu, kisha zikawa nguo tena upepo ulipozipiga. Injini ilikuwa imezimwa, lakini yeye alikuwa anakwenda, tena mbali.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sindano kifuani kila saa, na chumba chao cha mbele kilijaa vitambaa vya watu. Jioni alikuwa akitoka kunyoosha mgongo, anaegemea dirisha la gari.

"Umefika wapi, baba watoto?"

"Nimevuka daraja."

"Kuna baridi huko?"

"Kidogo. Ungechukua mtandio."

Alimpenda mzee wake, na mchezo ule aliucheza bila kumcheka. Lakini siku moja hakuuliza amefika wapi. Alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipokuwa wachumba wapya.

"Nifundishe kuendesha," akasema.

Mzee akacheka. Mke hakucheka.

Iko hivi. Alikwisha kumfundisha mara moja, zamani hizo, wiki chache baada ya ndoa. Walitoka nyumbani wakafika pembeni pale penye duka la mikate, wala hawakuvuka hapo. Kila mara bibi arusi alipotaka kukanyaga, alikuta pedeli imeshakwenda chini yenyewe. Kila alipotaka kuachia, ilikuwa imeshaachiwa. Penye duka la mikate alifungua mlango, akavua viatu, akavishika mkononi, akarudi nyumbani kwa miguu. "Gari lako lina dereva tayari," alimwambia wakati wa chakula cha usiku, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho juu ya udereva. Toka hapo akipanda gari lile alikaa nyuma, kama mke wa waziri.

"Leo limekupata jambo gani?" mzee aliuliza.

"Mpwa wako amekuja tena asubuhi ukiwa umelala. Amelizunguka gari akipiga matairi teke. Anasema gari lisilo na dereva linaoza, bora alichukue akabebee maharusi." Akachezea funguo. "Na mimi nilikosa la kumjibu, maana anasema kweli. Likiondoka hili, wewe utabaki kwenye kile kiti cha ndani. Sitaki uzeeke ukitazama ukuta usiouona. Nitakufa kwa uchungu kabla yako. Nifundishe, niwe ninakutoa."

Mzee alipapasa mpaka akaupata mkono wa mke wake ulioshika funguo.

"Ila mara hii," mke akaongeza, "mguu wako ukae kwake."

"Naahidi," mzee akasema. Aliahidi kwa moyo mweupe, kama anavyoahidi mvuta sigara asubuhi akiwa bado kitandani.

Tatizo la kwanza likawa gari lenyewe. Pedeli zilikuwa zimechoka. Ile breki ya upande wa mwalimu ilikuwa imelala upande kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni, na ukiikanyaga inagonga klachi njiani. Klachi ikishuka ilikuwa inafikiria kwanza kama irudi au isirudi. Zote zililia. Kumfundisha mtu na vyuma vile ilikuwa ni kumtafutia ajali, kwa hiyo ikaitwa mikono ya Msumari.

Msumari alikuwa fundi mrefu mwembamba, upara unang'aa, mwenye karakana nyuma ya maghala yaliyofungwa siku nyingi. Hakupenda magari mapya. Alisema magari mapya hayana mifupa. Na zaidi ya yote alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Taratibu, mmoja wa wale wa zamani, ndiyo maana mzee alimwita kijana wangu ingawa kijana mwenyewe alikuwa na wajukuu. Alikuja akaliendesha gari mpaka karakanani, akalala chali chini ya usukani, miguu ikining'inia nje, akaanza kufungua.

Siku ya pili mzee na mkewe wakaenda kuangalia. Karakana ilinuka mafuta ya taa na chuma kilichochomwa. Mwanga uliingia kupitia matundu ya bati na kusimama ndani kwa mistari, na vumbi lilikuwa likielea ndani ya mistari ile bila haraka yoyote. Kwa macho ya mzee lilikuwa theluji ya dhahabu. Mkewe, mama watoto, akabaki nje kwenye uwanja wa maghala, kwenye kivuli, akimalizia kwa mkono pindo la gauni la mteja.

Msumari alikuwa amekwisha kuziosha pedeli zote nne na kuzipanga juu ya gunia, za dereva huku, za mwalimu kule. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na usafi wowote wa kumpa.

"Mwalimu, kaa kwanza," akasema.

Fundi akikuambia ukae kwanza, jua kuna ugonjwa. Mzee akakaa juu ya tairi, na kwa kuwa macho hayakumsaidia kitu mle ndani, akanyoosha mikono akaanza kuzipapasa.

Ya kwanza aliyoishika ilikuwa na raba, na raba ile ilikuwa na mistari yake. Alipitisha kidole gumba akaihesabu kwa ncha ya ukucha, mistari mizima, imelika kidogo tu kwenye pembe moja. Akaichukua ya pili, vilevile. Akaguna kwa kuridhika. Kisha akahamia upande wa pili wa gunia. Ile ya tatu haikuwa na raba kabisa. Ilikuwa chuma kitupu, laini kama mgongo wa kijiko, kimebonyea katikati, na bonde lile lilikaa sawasawa na upana wa kiatu. Akaingiza kidole kwenye tundu la kuning'inizia. Halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Msumari akamwekea pini yake kiganjani, na pini ile ilikuwa imelika katikati mpaka imepata kiuno cha nyigu.

"Umezichanganya," mzee akasema.

"Sijazichanganya, Mwalimu."

"Umezichanganya. Hizi zilizolika ni za wanafunzi. Watu wangapi wamekaa pale? Hizi nzima ndizo zangu."

"Za dereva zina mkono mrefu. Pima."

Mzee akapima kwa shubiri. Zile nzima, zenye raba yenye mistari, zilikuwa na mkono mrefu. Akapima tena, akaanzia upande wa pili, labda chuma kingebadili nia. Hakikubadili.

"Na hii pembe iliyolika kwenye raba ya dereva?" akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kushika. "Hii si miguu yao?"

Msumari alijikuna upara. Angependa awe mahali pengine. "Hiyo pembe ni wewe, Mwalimu. Unakanyaga kisigino kikiwa nje. Ni zile safari zako za kurudi nyumbani ukishamaliza kufundisha."

Nje mama alikuwa akiimba chini chini, wimbo usio na maneno wa watu wa sindano.

"Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia?" Msumari akasema, akakaa chini naye. "Nilipopata leseni niliajiriwa kuendesha gari la tajiri mmoja. Siku ya kwanza likanizimikia getini. Nikaliwasha, likazima. Nikaliwasha, likazima. Mpaka mlinzi akanionea huruma akaniletea kiti. Nikamwambia tajiri gari lako bovu. Akaingia yeye, likaondoka kama maji. Ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimewahi kuachia klachi maishani mwangu, Mwalimu. Ulikuwa ukiniachilia wewe."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wote. Tukikutana huwa tunacheka. Kila mtu amejifunza kuendesha wiki ile baada ya kuachana na wewe, tena kwa kugonga vitu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje?" Msumari akaangalia pembeni. "Ulikuwa unatupenda. Na kwenye gari lako ilikuwa raha, usifanye mchezo. Mtu unajiona dereva kweli kweli."

Mzee alikaa na ile pini yenye kiuno kiganjani, akiizungusha. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, tena miguuni hasa, kana kwamba viatu vyake vimekamatwa vikiiba. Nyuma ya aibu ikaja huzuni, na hiyo ndiyo ilikaa. Maisha yake yote alijiona anatoa kitu. Kumbe alikuwa akikishika.

Waliporudi nyumbani alijitupa kwenye kochi mchana ule, akapitiwa na usingizi mwepesi. Aliota barabara pana isiyo na mwisho, na wanafunzi wake wote wakipita, kila mmoja kwenye gari la buluu, wakitabasamu, mikono kwenye usukani. Miguu yao haikugusa sakafu. Ilining'inia hewani kama ya watoto wadogo kwenye viti vya watu wazima. Wakampungia mkono, na yeye hakuweza kuwapungia, maana alikuwa anakimbia kutoka gari hadi gari, anakanyaga, anaachia, anakanyaga, na magari hayaishi. Alipoamka mke wake alikuwa akimfunika shuka miguuni. Hakumsimulia.

Kazi ya pedeli ikaendelea, na mzee alikwenda kila siku kuisikiliza. Kuisikiliza ndiko alikoweza. Alisikia mkwaruzo wa chuma kikichomelewa, Msumari akijaza lile tundu la yai kwa chuma kipya mpaka likaziba kabisa. Akasikia mashine ya kukereza ikizunguka na kulitoboa upya, duara, safi. Ikafuata bushi, ile pete ya shaba ya kukaza pini, ikaingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao, na sauti ikapanda juu kidogo kidogo mpaka ikagota. Pini mpya, nene, isiyo na kiuno, ikapita humo na grisi yake bila kuyumba. Ule mkono uliolala upande ulipashwa moto mpaka ukawa mwekundu, na hata mzee aliuona, doa la rangi ya machungwa likielea gizani, kisha ukanyooshwa kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la benchini.

"Za dereva nimekwisha kuzifunga," Msumari akasema siku moja. "Hizi za kwako je? Nizirudishe, au tuziache hapa gunia lizilinde?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Alijua jibu la haki ni lipi. Lakini akilini aliona uwanja, aliona ukuta wa maghala, akamwona mke wake mfupi nyuma ya usukani ule mpana kama sinia, na moyo ukamdunda.

"Zirudishe," akasema. "Tena uzikaze vizuri kuliko zile. Anayekwenda kukaa pale ni mke wangu."

Basi zikarudi, zote nne zinang'aa, raba mpya yenye mistari mirefu, hakuna inayolia, hakuna inayosuasua. Msumari alijipiga kifua juu ya kazi ile, na alikuwa na haki. Ukizikanyaga ni kama unakanyaga mto wa manyoya.

Masomo yakaanza palepale kwenye uwanja wa maghala, mahali pasipo na watu, majani yameota kwenye nyufa za saruji. Mama alikuja amevaa viatu vyake vya kushonea, vile vyembamba vya nyayo laini. Akakaa, akavuta kiti mbele mpaka kikagoma, akawasha. Mzee akamweleza klachi kwa sauti yake ya usingizi. Mama akakanyaga, akaingiza gia, akaachia.

Gari likaondoka bila hata kutikisika, na mzee hakuwa amegusa kitu.

"Umejifunza wapi?" akauliza, mdomo wazi.

"Baba watoto, mimi nakanyaga tangu unioe. Cherehani yangu ukiikanyaga kwa pupa uzi unakatika. Nilikuwa nimekosa matairi tu."

Wakazunguka uwanja mara ya kwanza, ya pili. Upepo uliingia dirishani. Mzee aliona maghala yakipita kama meli kubwa za kijivu kwenye maziwa, na laiti angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na tamu. Lakini kwenye kona ya mwisho ukuta ukawa unakuja. Kwake haukuwa ukuta, ulikuwa giza linalokua. Akajiambia nitagusa kidogo. Akajiambia pedeli hizi mpya hazipigi kelele, hatajua. Akakanyaga, kiasi cha kuua mbu.

Pale ndipo alipokosea, yeye aliyezijua pedeli kuliko mtu yeyote. Zile za zamani zilikuwa zimelegea kiasi kwamba mguu wa mwanafunzi haukujua nani amekanyaga nini. Hizi zilikuwa zimekazwa na bushi mpya. Chochote kilichofanywa upande wa mwalimu kilifika upande wa dereva chote, bila kupungua.

Mama aliisikia breki ikizama chini ya kiatu chake. Alisimamisha gari. Akavuta hendibreki, akazima injini, akatoa funguo. Kisha akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaingia akakaa, mkoba magotini.

Wakawa hivyo. Gari katikati ya uwanja, mzee upande wa abiria, mama kiti cha nyuma, na kiti cha dereva hakina mtu. Kunguru mmoja akatua juu ya boneti akawatazama kwa zamu.

"Mama watoto," mzee akaita.

"Endesha basi."

"Sioni. Unajua sioni."

"Najua. Na bado hutaki mwingine aendeshe." Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yalichoma. "Mimi si yai. Nimezaa, nimelea, nimezika wazazi wangu na wako, nimeshona nguo za nusu ya mji huu. Unanipenda, nalijua hilo. Lakini unanipenda kama mtu anayenishika mdomo ili nisijing'ate. Nimechoka. Likichukuliwa lichukuliwe, tutakaa wote tutazame ukuta."

Mzee aliinamisha kichwa. Alitafuta neno la kujitetea, na neno lililokuja lilikuwa lile lake la siku zote, likamwishia ulimini. Akafungua mlango. Akaenda nyuma akipapasa ubavu wa gari, akafungua buti, akachukua spana na koleo kwenye mfuko wake wa zamani, akarudi. Akapiga magoti kwenye saruji, akainamisha kichwa chini ya dashibodi, upande wake.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

Hakujibu, maana alikuwa na pini ya kufungia mdomoni. Hakuhitaji macho kwa kazi ile. Vidole vilijua. Alikunjua, akavuta, akafungua nati ambazo Msumari alizikaza kwa mapenzi yote, akasukuma zile pini nene nje ya bushi zake za shaba, na klachi ikaanguka mkononi mwake, kisha breki. Fimbo akazifunga vizuri kwa waya zisije zikaingilia za dereva. Mgongo ulimuuma, machozi yalimtoka, na alijiambia ni vumbi la zulia, uongo ambao hata yeye hakuuamini.

Alisimama, akampitishia mke wake zile pedeli mbili dirishani.

"Shika," akasema. "Naogopa sana, mama. Sijawahi kuogopa hivi. Lakini shika."

Mama alizitazama zikiwa mapajani mwake, bado zina grisi mbichi, zimemharibia gauni. Hakusema kitu kuhusu gauni. Akaziweka kando, akashuka, akarudi mbele.

Msumari alipoziona benchini kwake jioni ile, alilalamika mpaka akakauka koo. Kazi yote ile, shaba safi ile, hata wiki haijaisha! Kisha akanyamaza, akazipaka mafuta, akazifunga kwenye gunia na kuziweka juu kabisa ya rafu. Hakuuliza tena kama azirudishe.

Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Mama alizima gari, alichanganya gia, alikwenda nyuma akidhani anakwenda mbele. Na siku moja, kwenye ile kona ya mwisho, gari lisilowahi kugusa ukuta likagusa ukuta. Halikuwa pigo kubwa, ni mlio mrefu tu wa bati. Wakashuka wote wawili. Mzee akaupata mkwaruzo kwa vidole, akaufuata kutoka mlangoni hadi taa ya nyuma, taratibu, kama anayesoma.

"Nimeliharibu," mama akasema.

"Umekata kona mapema," mzee akasema. "Ningekuwa nimekanyaga, usingejua." Akapangusa vidole kwenye suruali. "Haya, rudia."

Alirudia. Akarudia miezi, Msumari akimkagua na kumpeleka barabarani, mpaka akaitwa kwa mtahini, akarudi na leseni yenye picha aliyokunja uso. Mpwa alipokuja tena kupiga matairi teke, alimkuta mke wa mjomba wake ndani ya gari akirekebisha kioo. Akaaga mapema.

Na siku ya kwanza waliyotoka wawili peke yao ilikuwa asubuhi ya mawingu. Walipita penye duka la mikate. Hakuna aliyelitaja. Mji ulikuwa umejaa ukungu wake wa kweli asubuhi hiyo, juu ya ule wa mzee, kwa hiyo alikuwa akielea ndani ya pamba, hajui barabara iko wapi na mbingu inaanzia wapi. Alisikia injini, akasikia kiatu laini cha mke wake kikipanda na kushuka, na akajaribu kutulia.

Ghafla kitu kikakatiza mbele. Alikiona kwenye ile nafasi ndogo aliyobakiwa nayo, kivuli kifupi kinachokimbia, mtoto au mbwa. Mguu wake wa kulia ukaruka wenyewe. Ukakanyaga kwa nguvu zake zote, kwenye zulia tupu.

Na gari likapungua. Likainama mbele kidogo, laini, likasimama. Kwa pumzi moja mzee aliamini ni yeye. Aliusikia mguu wake umebana sakafuni, akasikia gari limetii, na furaha ya zamani ikampanda kifuani.

"Ni mtoto," mama akasema. "Alikimbilia mpira. Ameshavuka." Kisha, kwa upole, maana alikuwa ameuona mguu, "Aliyekanyaga ni mimi."

Mzee akauinua mguu ule polepole, hajui auweke wapi. Akausogeza mbele, ukaenda. Akausogeza zaidi, ukaenda tena, haukukuta chuma popote. Kulikuwa na nafasi kubwa huko chini, na yeye alikuwa ameikalia miaka yote bila kuijua. Akanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho, akaegemea, akamwambia mke wake amweleze njiani kuna nini.

Mama akaingiza gia, akaanza kumweleza.